Kuanguka na Kupanda Tena

Mtu aliyepata kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi hujua jambo ambalo asiyeanguka hawezi kufundishwa kwa maneno. Jeraha la mwili lina siku zake: uvimbe hutulia, mfupa huunga, na ngozi huota upya. Lakini moyoni hubaki kitu kisichoonekana kwa macho. Siku anapokikaribia kiunzi tena, mkono wake hukaza hatamu bila ya yeye kutaka, pumzi humpaa, na kiunzi cha kimo cha goti humtokea kama ukuta wa ngome. Wazee wetu walikwisha kulieleza jambo hili waliposema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Walakini katika mchezo wa kuruka viunzi wenye kuogopa ni wawili, si mmoja. Farasi naye ana kumbukumbu. Akiumia, hukumbuka mahali alipoumia, na umbo la kitu kilichokuwa mbele yake, na mkono uliokuwa umeshika hatamu. Kwa hiyo imani ikipotea hupotea kwa wawili, wala haiwezi kurudi kwa mmoja peke yake. Katika insha hii nataka kusimulia jinsi wanadamu walivyojifunza kuirudisha imani hiyo, na jinsi walivyopoteza miaka mingi wakiitafuta mahali isipokuwapo, yaani katika nguvu za mkono na ncha ya mjeledi.

Najua kwamba wengi wenu hamjapata kupanda farasi. Katika nchi yetu ya Kenya farasi si mnyama wa kila boma. Katika sehemu nyingi za Afrika mbung'o na maradhi mengine ya farasi yalimzuia asienee kama ng'ombe na mbuzi walivyoenea. Watu wa Lamu wamezoea punda, watu wa kaskazini wamezoea ngamia, na farasi wengi tumewaona katika picha, au katika uwanja wa mashindano wa Ngong. Hata hivyo, mwenye kusoma habari hizi ataona kuwa si za farasi tu. Ni habari za kila kiumbe aliyeogopa, na za kila mtu aliyepewa kazi ya kumfundisha kiumbe anayeogopa.

Kwanza hatuna budi kuuliza: kwa nini watu walitaka farasi aruke? Kwa karne nyingi farasi alitumiwa vitani na safarini, na aghalabu alipita mahali pa wazi. Kuruka kulikuwa jambo la mara moja moja, penye mfereji au gogo. Lakini katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi zilizoruhusu mashamba ya wazi kugawanywa na kuzungushiwa ua. Wale waliopenda kuwinda mbweha wakiwa juu ya farasi walijikuta wamezungukwa na ua wa miti, kuta za mawe na mitaro. Hapakuwa na njia ila kuruka. Baadaye majeshi ya Ulaya nayo yaliona faida ya askari anayeweza kukata mashamba bila kuzunguka kutafuta lango, na kuruka kukawa somo katika vyuo vya maafisa. Hata katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Paris mwaka wa 1900 palikuwa na mashindano ya kuruka kwa farasi.

Sasa tutazame jinsi waalimu wa zamani walivyofundisha. Mpandaji aliambiwa aweke vikuku virefu, anyooshe miguu mbele, na farasi anaporuka aegemee nyuma kabisa, hata kisogo chake kikaribie matako ya farasi. Mikono ilivuta hatamu ili kumwinua farasi kichwa. Sababu yao ilikuwa hii: waliamini kwamba miguu ya mbele ya farasi ni dhaifu, na kwamba uzito wa mtu ukiwa nyuma farasi atashukia miguu ya nyuma asivunjike. Kwa masikio ilikuwa sababu nzuri, na kwa kuwa wakubwa waliisema, wadogo waliifuata.

Hebu tujiweke mahali pa yule mnyama. Macho ya farasi yamekaa pande mbili za kichwa, naye huona mbali na kwa upana mkubwa. Lakini kitu kilicho karibu sana mbele ya paji lake hakioni vema. Hatua ya mwisho kabla ya kuruka, kiunzi kimekwisha kutoweka machoni pake; huruka kwa yale aliyoyaona hatua chache nyuma, na kwa imani. Ili aruke huhitaji kuinyoosha shingo yake, maana shingo ndiyo mizani yake, kama mikono ilivyo mizani ya mtu apitaye juu ya gogo la mto. Basi saa ile ile anapoihitaji shingo yake, chuma cha lijamu humvuta kinywa. Anapotaka kuukunja mgongo wake kama upinde, mzigo wa mtu mzima humwangukia kiunoni. Amefanya aliloambiwa, amekivuka kiunzi, na ujira wake ni maumivu mahali pawili. Je, ni ajabu ikiwa siku ya pili atasita, na siku ya tatu atakataa?

Alipokataa, watu walisema ni mkaidi. Wakaongeza mjeledi, wakaongeza lijamu kali zaidi. Farasi akawa sasa ana hofu mbili, moja mbele yake na moja mgongoni, akaruka kwa kukimbia ile iliyo kubwa zaidi. Wakubwa walifurahi, wakadhani wamemfundisha ushujaa. Kwa kweli walikuwa wamemfundisha kuchagua maumivu. Naye mpandaji, aliyeketi juu ya mnyama asiyejua atakimbia au atasimama ghafula, alipoteza imani yake vile vile. Hivyo hofu ya mmoja ilizaa hofu ya mwenziwe, nayo ikarudi kuizidisha ya kwanza.

Aliyekata mnyororo huu alikuwa afisa wa jeshi la Italia, jina lake Federico Caprilli. Alizaliwa katika mji wa bandari wa Livorno mwaka wa 1868. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana wakubwa walidhani umbo lake halifai kwa kazi ya farasi, kwa kuwa kiwiliwili chake kilikuwa kirefu na miguu yake mifupi. Hata hivyo aliingia katika askari wapanda farasi, akasoma na baadaye kufundisha katika chuo chao cha Pinerolo, mji ulio karibu na Torino chini ya milima ya Alpi, na katika chuo kingine cha Tor di Quinto karibu na Roma, ambako maafisa walizoezwa katika mashamba yenye kuta, mitaro na miteremko mikali.

Caprilli hakuanza kwa kubuni. Alianza kwa kutazama. Aliwaachia farasi waruke bila mtu na bila tandiko, akaangalia wafanyavyo wenyewe. Akaona jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, lakini halikutazamwa: kila farasi, awe na mtu au asiwe naye, hushukia miguu ya mbele. Maelezo yote ya wakubwa juu ya kumshusha kwa miguu ya nyuma yalikuwa hayana msingi. Akaona tena kwamba farasi aliyeachwa huru hunyoosha shingo mbele na chini, hukunja mgongo, na hutua kwa utulivu. Basi Caprilli akajiuliza swali ambalo naliona ni kubwa kuliko majibu yake yote: ikiwa mnyama huyu anajua kuruka, ni sisi gani tunaomzuia?

Kutokana na swali hilo alibadili kila kitu. Alifupisha vikuku ili mpandaji aweze kuuinua mwili wake kidogo kutoka kwenye tandiko. Akamfundisha ainame mbele pamoja na farasi, uzito wake ukae juu ya magoti na nyayo, mgongo wa mnyama ubaki mwepesi. Mikono aliiamuru ifuate kinywa cha farasi popote kiendapo, kama mtu ashikaye kamba ya mashua bila kuikaza wala kuiachia. Lijamu kali aliikataa, akataka iliyo laini. Mwaka wa 1901 aliyaandika mafundisho yake kwa kifupi katika jarida la wapanda farasi wa jeshi la Italia. Maandishi yake ni machache. Kazi yake kubwa aliiandika juu ya migongo ya farasi.

Lakini lililo kubwa kwa habari yetu ni jinsi alivyowatendea farasi walioharibika kwa hofu. Hakuwapeleka penye kiunzi kirefu ili wajue nani bwana. Aliwarudisha mwanzo kabisa. Gogo liliwekwa chini, farasi akalipita kwa hatua za kawaida. Alipolipita bila kujali, akalipita kwa mwendo wa matiti. Kisha gogo likainuliwa kidogo, nalo likapitwa mara nyingi, mpaka likawa jambo la kila siku lisilotisha. Waitalia huviita viunzi vifupi vya namna hii cavalletti, maana yake farasi wadogo, na hadi leo hakuna chuo kizuri cha farasi kisichovitumia. Katika yote hayo sharti lilikuwa moja: farasi asiumizwe kwa kosa la mpandaji. Kila alipovuka akakuta kinywa chake hakikuvutwa na mgongo wake haukupigwa, aliweka akiba ndogo ya imani. Haba na haba hujaza kibaba.

Ajabu ni kwamba mafunzo yale yale yalimponya na mtu. Mpandaji aliyeanguka na kuingiwa na hofu hakemewi, wala hasukumwi mbele ya watu. Hupewa farasi mzee, mtulivu, aliyekwisha kuruka maelfu ya viunzi, ambaye anaweza kuitwa mwalimu kuliko yule asimamaye uwanjani. Hupitishwa juu ya gogo lililo chini. Huambiwa ashike manyoya ya shingoni mwa farasi wakati wa kuruka, ili mikono yake yenye hofu isimwadhibu mnyama asiye na kosa. Huambiwa atazame mbele, ng'ambo ya kiunzi, wala asikitazame kiunzi chenyewe, kwa kuwa mwili huelekea macho yaelekeako. Siku ikiwa mbaya, hurudi kwenye kiunzi cha jana, na kurudi huko hakuhesabiwi kuwa aibu. Namna hii yaonekana nyepesi, hata mtu aweza kuidharau. Ugumu wake ni mmoja: yataka uvumilivu, na uvumilivu ni kitu ambacho wenye amri huwa nacho kidogo.

Mafundisho ya Caprilli hayakupokewa kwa furaha. Maafisa wa zamani waliona kwamba kijana huyu ameuharibu ukaaji wa heshima ambao baba zao walijivunia. Mtu aliyeinama mbele, walisema, ataanguka kichwa chini. Kwa muda Caprilli alihamishiwa kusini mwa nchi, mbali na vyuo vile. Huko nako aliendelea, akiwafundisha askari wa kawaida na farasi wao wa kawaida, na matokeo yakawa shahidi wake. Mwaka wa 1902 katika mashindano ya Torino, akiwa juu ya farasi aitwaye Melopo, aliruka kimo cha mita 2.08. Ikiwa msomaji ataunyoosha mkono wake juu ya kichwa, atafahamu kimo hicho ni nini. Baada ya hapo wengi walionyamaza walianza kuuliza, na waliocheka walianza kuiga. Jeshi la Italia likayafanya mafundisho yake kuwa sheria ya vyuo vyake.

Maafisa wa nchi nyingine nao wakaenda Pinerolo kujifunza. Mmoja wao, Paul Rodzianko wa Urusi, baadaye aliajiriwa kuwafundisha wapanda farasi wa jeshi la Ayalandi, na hivyo mbegu iliyopandwa Italia ikaota katika nchi ya mbali. Yeye mwenyewe hakuishi kuyaona hayo yote. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1907 alianguka kutoka kwa farasi mjini Torino akaumia kichwa, akafa akiwa na umri wa miaka 39. Hakuwa akiruka kiunzi siku hiyo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, ili asidhani mtu kwamba imani ni kinga ya ajali. Mwenye kupanda farasi ataanguka. Mafundisho mema hayaondoi hatari. Huondoa ile hatari tunayoizidisha wenyewe kwa woga na ukali.

Karibu nusu karne baada ya kifo chake, mafundisho haya yalipata mtihani ambao hausahauliki. Mwaka wa 1956 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne, na ndiyo michezo ya kwanza ambayo Kenya ilipeleka wachezaji wake. Lakini sheria za Australia za kuwazuia wanyama wa kigeni kwa kuogopa maradhi zilikuwa kali, kwa hiyo mashindano ya farasi peke yake yalifanyika Stockholm, Uswidi, mwezi wa Juni. Huko alikwenda Mjerumani Hans Günter Winkler pamoja na farasi wake jike aitwaye Halla.

Halla alizaliwa mwaka wa 1945. Alikuwa na nguvu nyingi na akili nyingi, na vile vile wasiwasi mwingi. Watu waliojaribu kumzoeza kabla ya Winkler walimwona msumbufu, wakamrudisha kwa mwenyewe. Mwaka wa 1951 Winkler alimchukua. Hakuivunja tabia yake. Aliisoma, akamzoeza pole pole mpaka mnyama yule akawa na hakika kwamba mtu aliye mgongoni mwake hatamdhuru. Miaka ya 1954 na 1955 wakawa washindi wa dunia.

Siku ile ya Stockholm, katika mzunguko wa kwanza, wakikaribia kuumaliza, Halla aliruka mapema mno. Winkler alirushwa juu, akarudi juu ya tandiko kwa kishindo, na msuli wa kinena ukachanika. Aliumaliza mzunguko kwa maumivu makali. Timu ilikuwa ya wapandaji watatu, na makosa ya wote watatu yalihesabiwa. Akijiuzulu yeye, wenzake wawili walikuwa wamekwisha. Akapewa dawa ya kutuliza maumivu, akapandishwa tena.

Katika mzunguko wa pili Winkler hakuweza kuitumia miguu yake kumwongoza farasi. Aliweza kumwelekeza Halla penye kiunzi, basi. Yaliyobaki yalikuwa juu ya Halla. Watu walimsikia mpandaji akilia kwa maumivu kila farasi alipotua. Na yule mnyama ambaye zamani aliitwa msumbufu alivuka kiunzi baada ya kiunzi asiangushe hata kimoja. Winkler alipata nishani ya dhahabu kwa makosa 4, na timu yake ikapata dhahabu pia. Wa pili kwa makosa 8 alikuwa Raimondo d'Inzeo, na wa tatu kwa makosa 11 ndugu yake Piero, wote wawili maafisa wa Italia, wana wa mwalimu wa askari wapanda farasi. Hivyo katika uwanja ule ule walisimama warithi wa chuo cha Caprilli pamoja na watu wa nchi nyingine waliopanda kwa namna ambayo dunia nzima ilikuwa imeipokea kutoka Italia. Halla aliishi hata mwaka wa 1979.

Simsifu mtu aliyeumia kwa kurudi uwanjani, wala simshauri mwanafunzi yeyote aige jambo hilo. Winkler alijua hatari aliyoichukua, naye alikuwa mtu mzima mwenye ujuzi. Ninachotaka tukitazame ni Halla. Siku ile hakuna mjeledi ambao ungeweza kumvusha, kwa kuwa mpandaji hakuwa na nguvu za kuutumia. Farasi aliyefundishwa kwa hofu, akiona mwenye kumtisha amedhoofika, husimama. Halla hakusimama. Kwa miaka mitano Winkler alikuwa amemwekea akiba ya imani, mazoezi kwa mazoezi, na siku alipokuwa hana kitu mkononi alilipwa kutoka katika akiba ile.

Kutoka Livorno hadi Stockholm historia hii yatufundisha kwamba mwenye kukataa mbele ya kiunzi si lazima awe mkaidi. Pengine anakumbuka. Wajibu wa mwenye kumwongoza ni kutafuta anakumbuka nini, kisha kukishusha kiunzi mpaka chini, na kumpitisha tena na tena bila kumuumiza, mpaka kumbukumbu mpya izidi ile ya zamani. Na kwa yule aliyeanguka mwenyewe, historia yamwambia asione haya kuanza tena kwa gogo lililolala chini. Farasi hodari wa dunia walianzia hapo, na wengi wao walirudishwa hapo zaidi ya mara moja. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na aliyeanguka, akipanda tena kwa utaratibu na kwa upole, naye amekwenda mbele.